Bi. Fausta Mikaeli na Kifusi cha Bure cha Kwaluguru

Imeandikwa na Muhsin Mdoe, kwa niaba ya wafanyakazi

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi. Fausta Mikaeli, Mkaguzi Mwandamizi wa Taka Hatarishi katika ofisi yetu ya Korogwe na Handeni, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuliamini neno "salama" lililoandikwa ubavuni mwa pipa, na hatudhani ataanza kuliamini Jumanne.

Wapo wanaojiuliza kwa nini tunamuaga kwenye ukumbi wetu wa mikutano wenye feni moja badala ya ile hoteli iliyotangazwa awali. Jibu ni yeye mwenyewe. Kamati ya sherehe ilikuwa imepata mfadhili: ukumbi, muziki, chakula na keki ya ghorofa tatu. Bi. Fausta alipopewa habari hiyo njema aliuliza, "Mfadhili ni nani?" Akaambiwa ni mtu mwema asiyependa kutajwa. Akasema, "Mtu mwema asiyependa kutajwa ana ombi mezani. Kaangalieni." Katibu wa kamati akaenda kuangalia huku akinung'unika, akarudi na jibu. Mfadhili alikuwa kampuni ya majenereta, na ombi lake la msamaha wa taka lilikuwa linasubiri saini. Ndiyo maana pilau ya leo imepikwa na wenzetu wa masjala, na ndiyo maana tunaweza kuila bila wasiwasi.

Kwa wasioijua kazi yetu, msamaha wa taka ni ruhusa inayosema kwamba takataka ambazo zikitoka gereji au hospitali huitwa hatarishi, zikitoka mgodini au kwenye mtambo wa umeme zisiitwe hivyo. Sababu zinazotolewa huwa nzuri. Nchi inahitaji umeme na dhahabu, vijana wanahitaji ajira, na taka za viwanda hivyo ni nyingi mno kuzifuatilia pipa kwa pipa. Bi. Fausta hakubishana na sababu hizo. Alichokuwa akisema, mbele ya wakubwa na wadogo, ni kwamba sayanidi haijui kusoma. Uibandikie msamaha usiibandikie, ikiingia kisimani inafanya kazi yake.

Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge nje ya mji wa Korogwe. Babu yake alitoka mbali kuja kukata mkonge, akaoa hapa na akazikwa hapa. Baba yake, mzee Mikaeli, alikuwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Maji ya korona yalitoka ya kijani na yananuka, yakaingia mtoni, na samaki wakaelea matumbo juu. Mnyapara aliwatuliza watu wa kambi kwamba maji yale ni mbolea. Mama yake Fausta akamwuliza mbona yeye mnyapara anatuma mtu akamchotee maji kule juu ya mto. Bi. Fausta husema hiyo ndiyo siku aliyoanza kazi hii. Mshahara tu ndio ulichelewa.

Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa na stashahada yake na sketi mbili za kazi. Wakaguzi walikuwa wachache, na pikipiki ya ofisi ilikuwa moja, tena ya kusukuma. Umaarufu wake ulianzia sokoni, siku aliyokwenda kununua mihogo ya kukaanga kwa Mama Stefania, muuzaji aliyekuwa na wateja wengi kuliko wenzake wote. Karai lilikuwa linachemka tangu asubuhi, na mafuta yake yalikuwa meupe kama maji. Hayakutoa povu wala moshi. Bi. Fausta alisimama na muhogo mkononi bila kuutia mdomoni.

"Mama Stefania, mafuta haya unayabadilisha lini?"

"Hayabadilishwi, mwanangu. Haya hayaungui. Unaongeza tu."

"Unayapata wapi?"

Mama Stefania akacheka, akasema siri ya biashara haiulizwi mbele ya wateja. Lakini Bi. Fausta alirudi kesho yake, na keshokutwa, hata mama yule akachoka kuficha. Mafuta yalikuwa yananunuliwa kwa madumu kwenye yadi ya mkandarasi mmoja aliyekuwa akikusanya transfoma zilizokwisha muda. Mafuta ya transfoma za zamani yana kemikali isiyotoka mwilini kwa urahisi na inayoumiza ini polepole. Mkandarasi alipofuatwa alitoa msamaha wake: vifaa vya nishati havihesabiwi kuwa taka mpaka vitakapotupwa, naye hakutupa kitu, alihifadhi tu. Yale madumu yaliyofika sokoni, alisema, yaliibwa, na yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Kwa hiyo Bi. Fausta alianza na wapishi. Aliwaita wauza mihogo na maandazi, akawaeleza, akawaomba mafuta yote yarudishwe kwake wala yasimwagwe mtaroni. Yalirudi. Yakakaa stoo ya ofisi miaka mingi yakisubiri mahali pa kupelekwa, na wafanyakazi wa zamani wanakumbuka jinsi chai yetu ilivyonukia. Mama Stefania alianza upya na mafuta ya alizeti, akapoteza nusu ya wateja, akanuna. Ilichukua muda kabla hajamwambia Bi. Fausta "karibu" kwa moyo. Siku hizi ndiye anayemletea mihogo ofisini, na bado Bi. Fausta huinusa kwanza.

Hata hivyo, akitajwa Fausta Mikaeli kutoka Handeni hadi Korogwe, watu hukumbuka kwanza kifusi cha Kwaluguru.

Mwaka 2019 masika yaliharibu vibaya barabara za kata ile. Kampuni moja ya kuchenjua dhahabu, ambayo mwanasheria wetu ameomba tuiite Kampuni tu, ikajitokeza kusaidia. Ilisema ina mabaki mengi ya mwamba ambayo haina kazi nayo, na ingeyatoa bure kujaza mashimo ya barabara na kusawazisha uwanja wa shule mpya iliyokuwa inajengwa kwa nguvu za wananchi. Kijiji kilipiga makofi. Mwenyekiti, Mzee Semboja, alitoa hotuba. Malori yakaanza kupita.

Bi. Fausta alisikia habari hizo kwa mgonjwa mwenzake akiwa kwenye foleni ya zahanati. Kesho yake aliingia ofisini na swali moja: "Tangu lini mgodi ukatoa kitu bure?" Mimi nilikuwa mkaguzi mgeni, nikajibu kwamba pengine wana moyo mzuri. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nichukue funguo za gari.

Tulikuta rundo la kwanza kando ya barabara. Lilikuwa la kijivu na laini, ukilifinya mkononi linashikana kama unga wa dona. Bi. Fausta alinizuia nisiliguse tena. Akasema mwamba wa kutupa hutoka mgodini ukiwa mabonge, hakuna mtu anayewasha mashine kusaga jiwe la kujazia shimo. Kilichosagwa namna hii kimesagwa ili kitolewe dhahabu, na dhahabu ya pale hutolewa kwa sayanidi. Kwa maneno mengine, ile ilikuwa topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji, iliyokaushwa na kubadilishwa jina njiani.

Lori lilikuwa limesimama karibu, na dereva wake, kijana wa Handeni aitwaye Sharifu, alikuwa anakula ubwabwa amechuchumaa mbali na gari lake, upande upepo unakotokea.

"Mbona huli ndani ya gari, kivulini?" Bi. Fausta akamwuliza.

"Shikamoo mama. Tumekatazwa kula ndani."

"Marahaba. Mmekatazwa kwa nini?"

"Hawakusema. Walisema tu tusile, tusivute sigara, na tukimaliza tusioshee gari mtoni." Akaangalia huku na huku, kisha akageuza viganja vyake juu. Vilikuwa vimechubuka, vyekundu, ngozi imepasuka kwenye maungio. "Mimi nabeba tu, mama. Nina watoto. Usinitaje."

Hatukumtaja kwa miaka sita. Leo ametupa ruhusa mwenyewe. Ameacha kazi ile na anaendesha lori la machungwa.

Mgodini tulipokewa na meneja, Bwana Dunstan, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha chai, akatuvalisha kofia ngumu, akatupitisha kwenye bustani ya maua ya Kampuni. Bi. Fausta hakugusa chai. Aliuliza ndani ya kile kifusi mna nini. Bwana Dunstan akasema Kampuni ina msamaha halali. Kwa mujibu wake, mabaki ya uchenjuaji si taka hatarishi.

"Bwana Dunstan," Bi. Fausta akasema, "nimekuuliza kuna nini ndani. Wewe unanijibu kuhusu karatasi."

Meneja akatabasamu, akasema swali hilo tuliulize wizarani. Getini, mlinzi aliandika namba ya gari letu mara mbili, tulipoingia na tulipotoka, na hiyo nayo Bi. Fausta hakuipenda.

Ofisini alipewa jibu fupi. Sheria haikumruhusu kusimamisha malori, kwa sababu mzigo wake ulikuwa umesamehewa. Haikumruhusu hata kutumia fedha za ofisi kuupima. Mkubwa wetu wa wakati huo, ambaye naye amekwisha staafu na tunamtakia heri, alisema, "Fausta, huwezi kupima hatari ambayo kisheria haipo." Bi. Fausta alichukua sampuli hata hivyo, akaipeleka maabara kwa fedha yake. Akaambiwa chupa imevunjika njiani. Akapeleka nyingine, nayo ikavunjika. Alisema chupa za Korogwe zimekuwa laini sana mwaka huu, akaendelea kwenda Kwaluguru kila siku ya gulio, akiwasihi watu wazuie watoto na mifugo wasiyasogelee marundo. Wengi walimsikiliza kwa adabu. Wengine walisema mama yule anaonea wivu maendeleo ya kijiji.

Kisha mvua ikanyesha, na madimbwi yakasimama kandokando ya marundo.

Bi. Zamda, mjane mwenye shamba dogo na kundi la mbuzi, alimpigia simu asubuhi. "Mama Fausta, mbuzi wangu wanaanguka. Wamekunywa maji barabarani, sasa wanatupa miguu, wanakufa hapa nawaona." Tuliondoka bila hata kufunga mlango wa ofisi. Tulipofika, uwanja wa Bi. Zamda ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mzoga hata mmoja. Alikuwa ameketi kizingitini na kanga mdomoni.

"Wameshachukuliwa," akasema. "Watu wa Kampuni wamekuja na gari. Wamenipa pole, wakasema mbuzi wamekula majani ya mihogo yaliyonyauka, wakawapakia wakawazike."

"Uliwaita wewe?"

"Sikumwita mtu ila wewe."

Nilimwona Bi. Fausta akitazama pande zote, nami nikatazama. Hapakuwa na shamba la mihogo karibu. Baadaye ndipo aliponieleza kilichomshtua. Majani ya mihogo yaliyonyauka yana sumu ya jamii ileile ya sayanidi. Mtu aliyechagua uongo ule aliuchagua kwa akili: hata mzoga ungepimwa, majibu yangemtetea. Na mtu hawezi kuchagua uongo unaolingana na sumu kama haijui sumu yenyewe.

"Wote wamechukuliwa? Wote kabisa?"

"Mmoja tulimuwahi kisu kabla hajakata roho. Wamempeleka shuleni, kwenye msaragambo wa kujenga, awe kitoweo cha watu."

Sijawahi kumwona Bi. Fausta akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Shuleni palikuwa na kijiji kizima: wanaume wanachimba msingi, wanawake wanasonga ugali, watoto wanabeba maji. Sufuria la nyama lilikuwa jikoni, limeshaiva, na harufu yake ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mama mmoja alikuwa ameshika upawa tayari kupakua. Bi. Fausta hakusalimia mtu. Alikunja kanga yake mikononi, akashika sufuria, akalipindua lote kwenye majivu.

Kelele zilizofuata sitaziandika katika jarida la ofisi. Vijana walimzunguka. Mzee Semboja akasukuma watu, akasimama mbele yake kwa hasira.

"Umetumwagia kitoweo! Watu wamefanya kazi tangu asubuhi! Kwa nini?"

"Mzee, shikamoo. Nyama hii nina mashaka nayo."

"Mashaka! Kila siku mashaka! Umeona nini? Tuonyeshe!"

Hakuwa na cha kuwaonyesha. Alisimama pale mikono imeungua, na nilidhani tungepigwa. Mtu mmoja alikuwa ameanza kuokota vipande vya nyama kwenye majivu avioshe. Ndipo binti wa Mzee Semboja, Maryamu, alipokuja kutoka nyuma ya darasa pekee lililokwisha kujengwa, akilia. Matumbo ya yule mbuzi yalikuwa yametupwa huko, na mbwa wa babaye, wale wanaolinda shamba dhidi ya nguruwe pori, walikuwa wameyala. Tukaenda kuangalia. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa amelala ubavu, anakwangua udongo kwa kucha, macho wazi, na alikufa tukimtazama.

Yule aliyeokota nyama aliitupa, akajipangusa mikono kwenye suruali, kisha akaitazama suruali. Wanawake wakaanza kuwaita watoto wao kwa majina, mmoja mmoja, wakiwauliza kama kuna aliyeonja. Mzee Semboja alivua kofia yake, akaishika tumboni.

Bi. Fausta alikwenda kukaa kwenye tofali nyuma ya gari letu. Nilimpelekea maji, akanawa, akanawa tena, akaendelea kunawa hata maji yalipokwisha. Akaniuliza, "Muhsin, ningekuwa nimekosea je?" Akasema, "Nimeogopa sana. Nimeogopa nimekosea, halafu nimeogopa sijakosea." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitaja woga.

Bwana Eliasi, daktari wa mifugo, aliwapasua mbwa wale. Damu yao ilikuwa nyekundu kupita kawaida, kama rangi ya bendera, na alisema haitokani na majani ya mihogo, kwa kuwa katika matumbo ya mbuzi waliyoyala hamkuwa na jani la mihogo hata moja. Hata hivyo Kampuni haikutikisika. Kwenye mkutano wa kijiji Bwana Dunstan alifika na wakili na msamaha wake, akausoma kwa sauti ya chini kuanzia juu hadi muhuri. Alisema anasikitika kwa mbuzi na mbwa, lakini kwa mujibu wa sheria kifusi kile si hatari, na mkaguzi aliyepo hapa hana mamlaka juu yake.

Bi. Fausta akasimama, mikono imefungwa bandeji. "Ni kweli," akasema. "Juu ya kifusi hiki mimi sina mamlaka. Kimesamehewa. Lakini ardhi kilipomwagwa si yangu wala si ya Bwana Dunstan. Ni ya kijiji, na mkutano huu ndio wenye kijiji. Mimi nimemaliza." Akaketi.

Kisha Mzee Semboja akainuka, akamwambia meneja, "Bwana mkubwa, kifusi chako kina msamaha wa serikali. Wa kijiji hakina. Kizoeni chote mkirudishe kwenu." Mikono ikanyooshwa juu, yote. Jioni hiyohiyo magogo yalilazwa barabarani, na lori lililokuja tupu ndilo tu lililoruhusiwa kupita.

Kifusi kilizolewa. Kijiji kilishangilia, mimi nilishangilia. Bi. Fausta peke yake aliuliza malori yanaelekea wapi. Yalipaswa kurudi mgodini; lakini yeye alisimama njia panda, akayaona yanakata kuelekea Korogwe. Tuliyafuata mpaka Kwamndolwa, mtaa anaoishi Bi. Fausta mwenyewe, na kuyakuta yakimwaga ule unga wa kijivu kwenye kiwanja cha bondeni, karibu na kijito, ambapo mtu alikuwa anajaziwa msingi wa nyumba kwa bei ya chee. Safari hii hakuhitaji kumwaga sufuria la mtu. Alimpigia simu Mzee Semboja, na alasiri hiyo basi zima la watu wa Kwaluguru, Bi. Zamda akiwa mbele, liliteremka Kwamndolwa kuwasimulia majirani walichokiona. Majirani walikaa barabarani hadi malori yakapakia upya, na waendesha bodaboda wakayasindikiza hadi ndani ya geti la mgodi.

Tungependa kuandika kwamba baada ya hapo alipandishwa cheo. Alihamishwa. Mwezi uliofuata ilionekana, ghafla, kwamba ofisi inahitaji mtu mwenye uzoefu wa kusimamia vitalu vya miche. Hakuna aliyeeleza hitaji hilo lilitoka wapi. Kwa karibu miaka miwili Bi. Fausta alimwagilia mikangazi na mitiki, akaiotesha vizuri, na wakuu walipopita kuikagua aliwaamkia kwa heshima na kuwauliza nani aliwapa wazo la kumpeleka pale. Hakupata jibu. Aliendelea kuuliza.

Alirudishwa baada ya watu wa Kwaluguru na Kwamndolwa kupeleka malalamiko yao mbele zaidi ya wilaya na mkoa. Masharti ya msamaha yalibadilishwa: mabaki ya uchenjuaji yakivuka geti la mgodi, yanapoteza msamaha na kuwa taka hatarishi kama za mtu mwingine yeyote. Huo ni ushindi, na aliuhangaikia. Lakini yeye mwenyewe amekataa tuuite ushindi kamili, nasi tunamheshimu. Ndani ya geti msamaha bado upo. Bwawa la topesumu bado lipo, na hakuna anayeruhusiwa kupima kinachopita chini yake. Bi. Zamda alipata mbuzi wengine, zawadi ya majirani, lakini kisima chake amekifukia kwa mikono yake na huchota maji mbali. Shule imekamilika. Uwanja wake una kifusi cha mlimani, mabonge matupu, watoto wanajikwaa kila siku, na kila mzazi anayalalamikia kwa furaha.

Tumejifunza nini kwake? Tumejifunza kuuliza nani amelipa chai, nani aliitwa na nani alifika kabla hajaitwa. Ni tabia ngumu kuishi nayo. Mwenzetu mmoja aliposwa mwaka jana na mwanamume mzuri, Bi. Fausta akataka kujua mbona ana haraka. Ndoa imefungwa, ni njema, naye ameomba radhi, ingawa kwa sharti.

Sasa anahamia Hale, kwa dada yake Joyceline, wanakolima mpunga na ndizi. Na hapa hatuna budi kusema jambo moja ambalo halipendezi katika sherehe. Mwezi huu limeingia ombi jipya la msamaha. Kampuni ina jina jipya na rangi mpya za malori; meneja wake ni Bwana Dunstan. Inaomba mabaki yake yaruhusiwe kutoka nje ya geti "kwa matumizi ya jamii". Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kimepangwa Alhamisi ya tarehe 17 Julai, mara tu mkaguzi anayeifahamu kuliko wote atakapokuwa ameondoka. Tumeuliza tarehe hiyo ilichaguliwaje. Tumeambiwa imetokea tu.

Bi. Fausta alipoonyeshwa tangazo alivaa miwani, akalisoma, akauliza kama mwananchi wa Hale anaruhusiwa kusema. Tukamwambia anaruhusiwa. Akauliza tena kama anaweza kuleta wenzake. Tukasema tangazo halikuweka kikomo. Basi lile la Kwaluguru limeshakodiwa.

Mama yetu Fausta, asante kwa mikono uliyoiunguza kwa ajili ya watu waliokuwa wanakutukana. Asante kwa miaka ya kutufanya tunuse kabla ya kuonja. Tunakuombea afya, mavuno mazuri na usingizi usiokatizwa na simu. Uende salama Hale, upumzike vya kutosha, na Alhamisi ile ya tarehe 17 tutakuwekea kiti cha mbele.